Kaburi la Sinema Kule Mofu

Ile picha niliyoitundika ukutani kwangu hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, mimi nimesimama kifua mbele, nimevaa kizibao cheusi chenye mifuko kumi na minne, naona mnaipenda sana. Kila kijana anayekuja kuniuliza habari za sinema huanza na hiyo. "Mzee Kanda, hapo ulikuwa na kampuni kubwa, eh? Na kizibao chenyewe kiko wapi?" Huwa najibu kwamba kimekwenda, basi. Leo nawaandikia kilikokwenda, maana nimesikia kuna magari mengine ya sinema yameonekana mjini, watu wenye miwani ya jua wanauliza njia ya kijiji cha Mofu, na ninyi mmeshaanza kupiga pasi mashati.

Sikusoma mimi. Shule niliiacha darasa la nne, na mwandiko wangu ni wa kuku. Lakini kuku naye akichakura huwa anafukua kitu. Sinema nimetengeneza kumi na moja, kwa kamera yangu, na watu wa bonde hili, na hakuna hata moja niliyokwenda kuiombea baraka kwa mtu wa mjini. Sasa macho yana ukungu, kamera nimeiweka. Kwa hiyo sina cha kuwauzia. Msikilizeni mtu asiyeuza.

Neno la kwanza ni hili, na lisiwaudhi. Mimi simwamini mtu anayefika kijijini kupiga picha asiulize choo kiko wapi. Anayeuliza choo anakusudia kukaa. Asiyeuliza ameshapanga saa ya kuondoka, hata kama anakuita baba.

Jina la Kanda nililipata kwenye kibanda cha video. Nilikuwa naonyesha kanda za kukodi, watu wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, na mimi ndiye niliyetafsiri kwa mdomo sinema ambazo sikuzielewa. Mtu akipigwa risasi nasema, "Amekosana na shemeji yake." Watu wakaridhika. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba hadithi nyingi za kampuni kubwa unaweza kuzibadilishia maneno yote na zisidhurike. Hadithi yenye mwenyewe huwezi kuifanya hivyo. Jaribu kutafsiri uongo msiba wa Mofu mbele ya watu wa Mofu, uone kama benchi litabaki na mtu.

Aliyenishikisha kamera ni Fundi Kaspari, mpiga picha za arusi, Mungu amrehemu. Alikuwa na kamera ya begani, nzito kama debe la maji, na mdomo mkali kuliko wa mama wa kambo. Siku moja tulipiga arusi Mchombe. Nilipokuwa napunguza kanda nikamtoa mzee mmoja, babu wa bibi arusi, kwa sababu alikuwa anapita pita mbele ya keki. Kaspari akaniuliza, "Yule mzee yuko wapi?"

"Nimemtoa. Alikuwa anaharibu."

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga, ndiyo."

"Basi lazima ajione. Aliyepigwa lazima ajione. Kama hutaki ajione, usimpige."

Nilidhani ni hotuba. Kesho yake akanifungia televisheni kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi, betri ya gari ndani ya kapu, kifaa cha kuchezeshea mgongoni, nikaendesha kutwa nzima mpaka Mchombe. Vumbi lilinifanya niwe mzungu wa udongo. Yule mzee nikamkuta anasuka mkeka. Nikamwonyesha. Alijitazama akipita mbele ya keki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauweka mkeka chini. Kisha akasema, "Kumbe siku hizi ninainama hivi." Hakusema lingine. Akanipa jogoo. Jogoo nilimfikisha hai kwa Kaspari, na Kaspari akasema, "Umeona? Ungemla mwenyewe ningekufukuza."

Shule yangu ya sinema ndiyo hiyo. Cheti chake kilikuwa jogoo.

Yapo mengine ambayo hamtayakuta kwenye simu zenu. Jua la bonde la Kilombero likishapanda ni kali, linachoma uso wa mtu mpaka pua inapotea. Usinunue vitambaa vyao vya kulainisha mwanga. Chukua chandarua cheupe, kile cha mviringo, kifunge juu ya mlango wa nyumba, mtu akae ndani yake kidogo. Uso unatulia. Ukitaka kamera itembee bila kuruka ruka, usikimbie nayo kama mwizi. Panda mkokoteni wa ng'ombe kwenye ardhi laini baada ya mavuno. Rafiki yangu Mhoja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, ndiye aliyenifundisha bila kujua. Na sauti: usipange kurekodi maneno ya mapenzi karibu na mashine ya kukobolea mpunga. Subirini umeme ukatike. Ifakara nimerekodi mapenzi mengi kwa hisani ya umeme kukatika.

Na mpunga! Katika sinema yangu ya tatu mume anatoka asubuhi mpunga ukiwa wa kijani, anarudi mchana mpunga ni wa dhahabu. Kati ya kutoka na kurudi sisi tulikuwa tumengoja wiki tano, mwigizaji alikuwa na homa. Nikadhani hakuna atakayeona. Nilipoionyesha Mofu, kwenye ghala la mpunga, ghala zima lilicheka. Mama mmoja akapiga kelele, "Nipe hiyo mbegu! Inaiva kabla ubwabwa wa mchana haujaiva!" Mwaka mzima watu wakinisalimu wananiuliza mbegu. Mtazamaji wa mjini angeona mapenzi. Mkulima anaona mpunga. Ukimdanganya kwenye mpunga, hatakuamini tena kwenye mapenzi.

Sasa kizibao.

Ile kampuni ilikuja na magari saba. Meneja wao, kijana mnene mwenye sauti tamu, alinikuta dukani kwangu akaniambia, "Mzee wangu, tumesikia wewe ndiye mwenye bonde." Hapo hapo nilipaswa kumshuku. Bonde halina mwenyewe, lina mto. Lakini alikuwa ameshatoa kizibao kwenye mfuko wa nailoni, kipya, mgongoni kimeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba mimi ni meneja wa maeneo ya kupigia picha. Na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mimi, wa darasa la nne! Nilikivaa kanisani. Padri alipotoa mkono wa amani alinishika mfuko kwanza.

Walitaka mahali pa kupiga mazishi, mto uonekane chini na milima ya Udzungwa nyuma. Nikawapeleka Mofu, shambani kwa Bibi Akwilina, penye mwinuko ambao maji hayafiki. Huyu Bibi ni mjane, anaishi peke yake, na shamba lake la mpunga linaanza pale pale mwinuko unapokwisha. Alikuwa ameshanipa nyumba yake kwenye sinema zangu nne, na uso wake kwenye mbili. Nikamwamkia, nikamweleza. Alikuwa anapepeta, hakunyanyua macho.

"Wanachimba kaburi?"

"Ndiyo, Bibi."

"La nani?"

"La sinema tu."

"Sinema imekufa?"

"Hapana, Bibi. Ni mchezo."

"Jembe halijui mchezo. Wakimaliza walifukie na mgomba, watu wakiwepo, kama inavyotakiwa. Unaniahidi wewe, si wao. Wao siwajui."

Kwa mjukuu aliyezaliwa mjini nieleze. Kwa wazee wetu, kaburi likishachimbwa halirudishiwi udongo hivi hivi. Ikitokea maiti amezikwa kwingine, unakatwa mgomba, unafungwa nguo, unateremshwa mahali pa mtu, na watu wanasimama wanaona. Kaburi lililoahidiwa mtu likinyimwa litatafuta lenyewe. Amini au usiamini, mimi sikuulizi. Nakwambia jinsi watu wanavyoishi hapa.

Nikamwambia Bibi, "Nakuahidi." Na kizibao nimevaa.

Nisiwaonee. Kampuni ile ilikuwa na mambo ya kujifunza. Walikuwa na fundi wa sauti, mtu mkimya, aliyesimamisha watu arobaini kwa sababu ya kengele ya ng'ombe wa Mhoja ng'ambo ya shamba. Mimi ningepiga tu. Yeye akangoja mpaka ng'ombe wakapita. Nilimvulia kofia. Kinasa sauti chake alikivisha manyoya ili upepo usiume, na mimi baadaye nikakivisha changu ngozi ya kondoo. Ingieni kwao, iibeni kazi hiyo, mimi naruhusu.

Lakini tazameni na mengine. Walifunga utepe kuzunguka mwinuko, na Bibi Akwilina akaambiwa akae nje ya utepe, shambani kwake. Waliwaita kina mama ishirini wa Mofu walie. Walilia vizuri, wale wanajua kulia. Mwongozaji akasema rudia. Wakalia. Rudia. Mara ya tano mama mmoja akamuuliza, "Baba, huyu marehemu anafufuka kila tukimaliza?" Mwongozaji hakucheka. Akamwambia asitazame kamera. Sinema zangu mimi watu wanatazama kamera wakitaka. Nawapa kazi ya mikono, mchele wa kuchambua, wavu wa kushona, na mtu akiwa na kazi husahau kamera mwenyewe. Wao walitaka mtu asahau kwa amri.

Siku ya pili wingu likafunika milima. Wakangoja. Ikaja simu kutoka mjini. Kwa muda wa kuchemsha ndizi, mahema yalikuwa chini, jenereta limepandishwa, utepe umekunjwa. Nikamkimbilia Meneja. "Na kaburi?"

"Mzee wangu, tutatuma watu walifukie. Panda tukupeleke Ifakara, jua kali."

Gari lilikuwa na ubaridi ndani. Nikapanda. Nilipotazama nyuma nilimwona Bibi Akwilina amesimama pale utepe ulipokuwa, bado hajauvuka, kama vile ungali upo. Sikumwambia dereva asimame. Andikeni hilo kwenye daftari zenu za makosa ya kazi. Makosa ya taa yote yanatengenezeka.

Hakuna aliyetumwa. Mvua za mwisho zikanyesha, shimo likajaa maji. Siku ya nne ndama wa Mhoja akatumbukia akafa. Mhoja alinipigia simu, na siku zote yeye hunitania, lakini siku ile hakuanza hata na salamu. "Kanda, sinema yako imekula ndama wangu."

Mnajua wenyewe, kati ya wenye ng'ombe na wenye mpunga hapa, ndama mmoja anatosha kuwasha moto. Watu wa shamba wakaanza kusema kwa nini ndama alikuwa karibu na mpunga. Watu wa ng'ombe wakasema kwa nini bibi mzima anaweka shimo la kifo njiani. Na mimi, mtu mwerevu, nikafanya jambo la kijinga kuliko yote. Nilikwenda Mofu mchana wa jua kali, watu wakiwa wamelala, na koleo langu, nikafukia. Peke yangu. Bila mgomba, bila mtu. Nikasawazisha juu, nikatandaza nyasi, ikapendeza. Nikajiona nimemaliza. Hayo ndiyo mazoea ya sinema: kikionekana kimefanyika, kimefanyika.

Wiki mbili baadaye Bibi Akwilina akanituma mtu: njoo. Nikaenda. Mpunga wake ulikuwa umeiva mpaka umeinama, mashamba ya jirani yote yalikuwa mabua matupu, na la kwake peke yake limesimama, ndege wamelijaza kama kanisa siku ya Pasaka. Kwa kawaida wanawake wa Mofu huvuna kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Yeye alikuwa amevuna kwa wote. Zamu yake ilipofika, hakuna aliyekuja.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, lakini hakunipa kigoda.

"Nasikia ulikuja kufukia."

"Nilikuja, Bibi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Mgomba ulikata kwa nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umefukia hewa. Watu hawapiti pale kuja shambani kwangu, na siwalaumu, hata mimi ningeogopa. Kila mmoja anasema kaburi la Akwilina bado lina njaa. La Akwilina, Kanda. Si la sinema tena, ni langu. Mpunga huu ndio mwaka wangu wote. Ukidondoka, nitakula kizibao chako?"

Nilitoka nikampigia Meneja pale pale barabarani.

"Mzee wangu! Shikamoo. Niko kwenye kikao."

"Marahaba. Kaburi."

"Kaburi gani, mzee?"

"Mna mangapi?"

Akacheka. "Aa, lile! Mzee, ile ilikuwa seti tu. Si kaburi halisi."

"Limeua ndama halisi."

"Pole sana. Nitaliweka kwenye ratiba."

Mpaka leo, nadhani, liko kwenye ratiba. Sinema yao ilipotoka niliiona kwenye simu ya kijana wa saluni. Mazishi yenyewe unakohoa mara mbili yamekwisha. Muziki umefunika kilio chote. Bibi Akwilina hayumo, hata kisogo. Hakuna mtu wa Mofu aliyepelekewa ajione. Nikamkumbuka Kaspari na baiskeli.

Nilirudi kwa Bibi nikamwambia ukweli, kwamba wale hawaji. Nilidhani atanifukuza. Akafikiri, akasema, "Hawa mama waliolia kwa uongo, kawaite. Mwambie na yule Msukuma mwenye ndama. Na wewe ulete hiyo kamera yako. Kaburi lilianza mbele ya kamera, lifungwe mbele ya kamera. Wasiokuja wataona. Wakikataa kuona, hapo tutajua ni roho mbaya, si woga."

Kwenda kwa Mhoja ndiko kulikonitoa jasho. Nikamwambia, "Mwangaluka." Akanitazama.

"Umejifunza salamu yetu leo kwa kuwa una shida?"

"Ndiyo," nikasema. "Shida kubwa."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ndama afe. "Nitakuja na mkokoteni. Mgomba ni mzito, na wewe umezeeka."

Wakaja kina mama kumi na wawili kati ya ishirini. Tukafukua lile shimo langu la uongo, mpaka chini. Mgomba ulikatwa shambani kwa Bibi mwenyewe, mnene, unavuja maji. Kamera ilikuwa mkononi mwangu, na kizibao nilikuwa nimekivaa. Nisidanganye: nilisema ni kwa sababu ya mifuko ya kuwekea betri, lakini nilikuwa bado nakipenda. Nikawaambia watu, "Nitapiga mara moja. Hakuna kurudia." Na wale mama hawakulia. Walisimama tu. Waliniambia baadaye kwamba machozi ya kaburi lile walishayatoa, mara tano.

Mgomba ukaletwa ukingoni. Mhoja akauliza, "Nguo iko wapi?"

Hakuna aliyeleta nguo. Kila mmoja alidhani mwenzake atakuja nayo. Mama mmoja akaanza kufungua khanga, Bibi Akwilina akamshika mkono. Akanitazama mimi, akanitazama kifuani.

"Huyo marehemu ni wa kampuni," akasema. "Avae nguo ya kampuni."

Nikasikia maji ya mgomba yanadondoka. Nikaiweka kamera juu ya mkokoteni wa Mhoja, ikiendelea kupiga, nikatoa betri mifukoni moja moja, nikavua. Tuliufunga mgomba kizibao, kifungo kwa kifungo, na kile kitambulisho tukakitundika shingoni mwake, kama mgomba una shingo. Ukateremshwa. Ndipo Mhoja akasema, "Kwaheri, meneja," na yule mama wa swali la ufufuo akaangua kicheko, na wote tukacheka, pale kaburini, mchana kweupe, huku tunatupia udongo.

Jumapili yake baada ya misa nikaonyesha kwenye ghala la mpunga. Madirisha tuliziba kwa magunia, giza likatosha, joto nalo likatosha. Wale ambao hawakuja kuzika walikuja wote kuona, binadamu mnamjua. Hakuna muziki, hakuna maneno niliyoongeza, wala sikukata kitu. Dakika kumi na moja. Waliufuata ule mgomba kwa macho kama watu wanaohesabu. Mtu akasema, "Rudisha nyuma, pale unapoingia." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha mara tatu. Sikuchoka mimi, waliotaka kurudia walikuwa wao.

Na mimi nilikuwemo. Sinema kumi na moja, sikuwahi kujipiga. Nilimwona mzee mmoja anaweka kamera juu ya mkokoteni, anakuja mbele polepole, anahangaika na vifungo. Bila kizibao alikuwa na fulana iliyotoboka begani. Ilinichukua muda kumtambua. Kumbe siku hizi ninainama hivi.

Hao wenye miwani ya jua wakiwapa vizibao, vaeni. Gari lao lina baridi. Lakini kabla hujaingiza mkono wa kwanza, muulize meneja, mbele ya mwenye shamba, nani atafukia na lini, na yeye mwenyewe atakuwa amesimama upande gani wa shimo. Akikuita mzee wangu au mdogo wangu badala ya kujibu, mrudishie. Na ukishindwa, ukavaa kama nilivyovaa mimi, basi usipande gari. Baki pale ulipo.

Pale ghalani, mgomba ulipokwisha kufunikwa mara ya tatu, Bibi Akwilina aliinuka kutoka benchi la mbele. Alisimama katikati ya mwanga wa projekta, picha ya udongo ikampanda mgongoni. Hakumtazama mtu.

"Haya, mmeona. Zima, Kanda." Akavuta gunia moja dirishani, jua likaingia likatuumiza macho. "Kesho ni zamu yangu. Kila mtu na mundu wake."

Asubuhi tulipoingia shambani kwake, ndege waliruka kutoka kwenye ule mpunga kwa pamoja, kama kitambaa kilichokung'utwa. Nilikuwepo. Nilikuwa na mundu, kamera niliiacha nyumbani.